Kwa Nini Boksi la Mapambo ya Krismasi Halipungui? Stori Yake Inaanzia Mbali Kweli

Januari ndo hii, ada inasubiri, kodi inasubiri, na kule stoo lile boksi la mapambo limerudi kukaa pale pale lilipokaa mwaka jana. Tofauti ni kwamba safari hii limenenepa kidogo.

Juzi kati dada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, alijirekodi yuko sebuleni kwake anachambua mapambo yake ya krismasi. Maboksi 11, jamani! Miti ya plastiki 3, mmoja mweupe pee kama umepakwa chokaa. Taa za kamba ambazo nusu haziwaki. Akawa anarusha vitu kwenye mfuko wa taka huku anacheka, mpaka akafika kwenye nyota moja ya karatasi ya dhahabu, imekunjika, gundi imeshakuwa ya njano. Akanyamaza. Akasema hii aliitengeneza marehemu mama. Halafu akaitupia kwenye mfuko kama alivyotupa vingine.

Weee. Watu walimjia juu siku mbili nzima. Wengine wakamtetea kwamba nyumba ni yake na mama ni wake.

Mimi sikuingia kwenye ule ugomvi. Ila swali lilibaki kichwani: hivi watu wa zamani walikuwa wanafanyaje na vitu hivi sikukuu ikiisha? Nikaanza kufukua, na nilichokikuta kilinishangaza. Kwa miaka mingi sana hapakuwa na boksi kabisa. Mapambo yalikuwa yanaliwa, yanachomwa au yanaoza, na mwaka unaofuata watu wanaanza upya. Boksi limekuja juzi tu, na waliolileta wanajulikana.

Turudi nyuma kidogo. Warumi walikuwa na sikukuu yao ya Desemba ikiitwa Saturnalia, na kipindi hicho cha kuelekea mwaka mpya walipamba nyumba kwa majani mabichi na taa. Wakristo wa mwanzo nao wakajikuta wanaiga majirani. Yapata mwaka 200 mwandishi mmoja wa kanisa kule Carthage, Afrika Kaskazini, Tertullian, aliwalalamikia wenzake kwamba milango yao siku hizo ina taa na majani kuliko hata ya wapagani. Kwa hiyo ukisikia mtu analalamika kwamba mapambo yamezidi, jua hiyo lawama ina miaka 1,800.

Majani yana faida moja kubwa: yanakauka. Huwezi kuyatunza hata ukitaka. Mwaka 1598 John Stow aliandika kuhusu jiji la London kwamba kila nyumba na kila kanisa lilipambwa krismasi kwa matawi yoyote yanayobaki mabichi kipindi cha baridi. Na kulikuwa na siku ya mwisho. Kwa Waingereza wa enzi hizo ilikuwa kuelekea tarehe 2 Februari, sikukuu ya kanisa ya kubariki mishumaa. Kabla ya hapo kila kitu kiwe kimeshatoka. Vijijini watu waliamini kwamba kila jani utakalolisahau ukutani, basi utaletewa kibwengo mmoja ndani ya nyumba. Jani moja, kibwengo mmoja. Fikiria mtu anavyokagua nyuma ya kabati na mshumaa!

Baadaye Waingereza wakasogeza siku hiyo ikawa tarehe 5 au 6 Januari, na mpaka leo wapo wanaoamini kuacha mapambo zaidi ya hapo ni mkosi. Sisi huku mti unasimama mpaka mtu aulize kama ni wa krismasi iliyopita au ijayo.

Sasa mti wenyewe. Kuna maelezo ya mwaka 1605 kutoka Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa ila wakati ule ulikuwa wa Wajerumani. Yanasema watu wanasimamisha mti sebuleni na kuutundika maua ya karatasi, matufaha, mikate myembamba na vitu vitamu. Ona hapo: karibu kila kitu kwenye mti ni chakula. Kwa hiyo siku ya kuushusha mti, watoto ndo walikuwa wasafishaji. Sweden wana hiyo siku mpaka leo, tarehe 13 Januari, siku ya Knut. Watoto wanaalikana, wanaupora mti vitu vyote vinavyolika, halafu mti unatolewa nje. Kwisha. Hakuna cha kubeba kwenda stoo.

Ndo maana nasema kalenda na tumbo vilikuwa vinafanya kazi ambayo leo tunaifanya sisi wenyewe kwa machungu.

KIJIJI KILICHOHARIBU MAMBO

Katikati ya Ujerumani, kwenye milima ya Thuringia, kuna mji mdogo unaitwa Lauscha. Kazi yao ni vioo, tangu mwaka 1597. Chupa, glasi, shanga, mpaka macho ya bandia. Kuna simulizi inayopendwa sana kwamba fundi mmoja maskini alikosa hela ya kununua matufaha na karanga za kupambia mti, akaamua kuyapuliza kwa kioo. Inaweza kuwa hadithi tu ya kunogesha. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1848 kwenye daftari la maagizo la Lauscha liliandikwa oda ya dazeni 6 za matufe ya kioo ya kutundika kwenye mti wa krismasi.

Dazeni 6. Vipande 72. Ndo mzazi wa maboksi 11 ya yule dada.

Kazi yenyewe ilikuwa ya familia nzima na ilifanyikia nyumbani. Baba anakaa mbele ya moto anapuliza kioo. Mama anamimina maji ya madini ndani ya tufe ili ling'ae kama fedha. Watoto wanapaka rangi. Kisha yanafungashwa na kupelekwa kwa wanunuzi. Mwaka 1867 mji ukapata kiwanda cha gesi, moto ukawa mkali na unaotulia, kioo kikawa chembamba zaidi na maumbo yakaongezeka: matunda, ndege, malaika, nyota.

Na hapa ndo mambo yalipobadilika kimya kimya. Tufaha la kweli ukilila limeisha. Tufaha la kioo haliliki. Linavunjika kirahisi, hivyo unalifunga kwenye karatasi, unalilaza kwenye boksi, unalificha mbali na watoto. Watoto waliokuwa wanaupora mti sasa wanaambiwa wasiuguse.

Mwaka huo huo wa 1848, mwezi Desemba, gazeti la picha la London, Illustrated London News, lilichapa mchoro wa malkia Victoria, mumewe Albert na watoto wao wamezunguka mti uliopambwa. Mti haukuwa mgeni kwenye lile jumba. Bibi yake malkia, Charlotte, naye wa ukoo wa Kijerumani, alishasimamisha wake Windsor mwaka 1800. Ila sasa picha ilisambaa, na watu wa kawaida wakataka na wao. Kama leo tu, staa akipost kona ya sebule, wiki ijayo fundi kapeti anatafutwa.

Na wale mnaodhani kuhariri picha kumeanza na simu, sikilizeni. Mwaka 1850 jarida moja la akina mama Marekani, Godey's Lady's Book, lilichukua mchoro ule ule. Malkia wakamvua taji. Albert wakamnyoa masharubu na kumvua ule mkanda wake wa heshima. Ikawa familia ya Kimarekani tu imekaa na mti wake. Jina kapuni la mwaka 1850 hilo!

Wamarekani waliponogewa, akatokea mfanyabiashara. F. W. Woolworth alikuwa na duka la vitu vya bei chee huko Pennsylvania. Mwaka 1880 muuzaji mmoja wa jumla alimbembeleza achukue mapambo ya kioo kutoka Ujerumani. Jamaa akagoma, akiona ni vitu vya kuvunjika tu visivyo na kazi. Mwishowe akakubali kuchukua ya dola 25 kwa shingo upande. Yakaisha kama njugu. Baada ya hapo akawa anasafiri mwenyewe kwenda Ujerumani kuagiza, na maduka yake yakaenea nchi nzima yakiuza pambo moja kwa senti tu.

Hapo ndo pambo likaacha kuwa kitu cha kutengeneza au cha kula. Likawa kitu cha kuongeza kila mwaka.

VITA VILIINGIA MPAKA KWENYE MTI

Hii sehemu ndo iliyonikalisha usiku.

Mwaka 1939 vita vikaanza na Wamarekani wakawa hawapati mzigo wa Ujerumani. Max Eckardt, muagizaji wa mapambo mwenye asili ya Ujerumani, pamoja na Woolworth, wakaenda kiwanda cha vioo cha Corning, New York. Corning walikuwa na mashine ya kutengeneza balbu za taa. Wakaigeuza itoe matufe ya krismasi. Yule fundi wa Lauscha kwa siku alikuwa anapuliza mamia. Ile mashine ilitoa kama 300,000 kwa siku moja. Utashindanaje?

Vita vilipokolea, Marekani nayo ikabana madini. Matufe ya miaka hiyo yakawa hayana ule mng'ao wa fedha ndani, ni kioo kitupu kilichochorwa mistari, na kile kikofia cha juu cha kuning'inizia kikawa cha karatasi ngumu badala ya chuma. Leo mtu akiokota tufe la kikofia cha karatasi kwenye boksi la bibi yake, anajua kabisa lilinunuliwa wakati gani.

Umoja wa Kisovieti walikuwa na yao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali iliupiga vita mti wa krismasi kwa sababu ya dini. Halafu Desemba 1935 wakaurudisha, ila ukaitwa mti wa mwaka mpya, na ile nyota ya Bethlehemu juu ikabadilishwa na nyota nyekundu ya chama. Mapambo yakafuata siasa. Wakatundika wanajeshi wa parachuti na ndege za anga. Khrushchev alipowakazania watu walime mahindi, miti ikaning'inizwa magunzi ya kioo. Gagarin alipokwenda angani mwaka 1961, wakatundikwa wanaanga. Na mengi ya zamani yalikuwa ya pamba iliyofinyangwa na kupakwa gundi.

Ujerumani ya Hitler ndo usiseme. Kulikuwa na matufe yenye alama ya chama chake. Mwaka 1945 vita vilipoisha, hebu fikiria familia imekaa na boksi lake na wanajeshi wa nchi nyingine wako mtaani. Kitu kilichokuwa cha kujionesha sebuleni miaka michache nyuma kimekuwa ushahidi. Watu walitupa, wengine walificha. Machache yaliyobaki yameishia makumbusho.

Kwa hiyo kuchambua boksi hakujaanza na wale wanaotufundisha mitandaoni jinsi ya kupanga nyumba. Kuna watu walichambua kwa woga.

Na kuna vitu vilivyotakiwa kutupwa mapema zaidi ya vilivyotupwa. Zile nyuzi za kung'aa zinazomwagwa kwenye mti, kwa miaka mingi zilikuwa na madini ya risasi, na Marekani zilisimamishwa mwaka 1972. Kuna miaka ya 1930 na 1940 Wamarekani na Waingereza walinunua theluji ya bandia kwenye paketi, wakaimwaga kwenye mti na watoto wakaichezea. Ile theluji ilikuwa asbesto, hii hii inayoharibu mapafu. Sisi wenzangu na mimi tulikuwa tunabandika pamba ya hospitali kwenye matawi ya msaiprasi, jua la Dar linawaka nje, feni inazunguka, na mti una theluji. Tulichekwa, lakini bora pamba.

Mishumaa naipita haraka. Ilikuwa inaunguza nyumba. Tarehe 22 Desemba 1882 Edward Johnson, mshirika wa kibiashara wa Edison, aliwasha mti wenye taa 80 za umeme nyumbani kwake New York, nyekundu, nyeupe na bluu, na mti unazunguka. Ikachukua miaka mingi watu wa kawaida kuzimudu. Leo unazipata barabarani kwenye foleni.

Ila mti wa alumini lazima niuseme. Mwaka 1959 kiwanda kimoja cha Manitowoc, Wisconsin, kilianza kuuza miti ya alumini inayong'aa kama sufuria mpya. Huruhusiwi kuifunga taa, inaweza kupiga shoti, hivyo unaimulika kwa taa ya chini yenye gurudumu la rangi. Iliuzika zaidi ya milioni moja. Halafu mwaka 1965 ikaonyeshwa katuni kwenye TV, A Charlie Brown Christmas, ikaikejeli miti ya aina ile. Ndani ya miaka michache ikawa ushamba. Watu wakaitoa nje, wakaiuza kwa bei ya kutupa, au wakaisahau darini. Miaka ya 1990 wakusanyaji wakaanza kuitafuta, na leo mtu anatoa mamia ya dola kwa mti ambao jirani alilipa watu waubebe.

Najua mmeshaanza kuwaza: basi tusitupe chochote! Hapana. Miti milioni moja ilitengenezwa, iliyopanda bei ni ile michache iliyobaki mizima na boksi lake. Wengine wote walikuwa wanalisha vumbi.

TURUDI STOO

Mapambo mengi tunayoyaona leo yanatoka mji mmoja wa China, Yiwu, mkoa wa Zhejiang, unaotajwa kutoa zaidi ya nusu ya bidhaa za krismasi za dunia nzima. Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaijua njia ya Yiwu kama wanavyoijua ya Kibaha. Ndo maana baluni la mwaka huu linafanana na la mwaka jana na la jirani. Ukilitupa Januari, Desemba utalikuta lilelile kwa muuzaji yule yule. Hilo wala lisikuumize roho. Mpe mtoto wa jirani, peleka chekechea ya mtaani, gawia kanisa lisilo na kitu. Ya plastiki iliyovunjika vunjika tupa tu, haiozi hata ikikaa kwako.

Ugumu uko kwingine. Nyumbani kwetu, kama nyumba nyingi hapa Bongo, kulikuwa na kamba inayofungwa kutoka kona moja ya sebule mpaka nyingine, na kadi za krismasi zinaning'inizwa juu yake kama nguo. Kadi ni mzee kuliko taa. Ya kwanza ya kuuzwa ilichapwa London mwaka 1843 kwa ajili ya Henry Cole, nakala 1,000, shilingi moja ya Kiingereza kwa kila kadi, na kwa mtu wa kawaida hiyo ilikuwa hela ndefu. Kwetu zilikuja kwa posta, na mama alikuwa anazishusha Januari na kuzifunga kwa mpira wa nywele. Simu zilipoingia, kamba ikawa haina kazi. Salamu za siku hizi zinatumwa kwa watu 200 kwa mkupuo.

Kwenye lile furushi kuna mwandiko wa baba mdogo. Alifariki kabla sijamaliza form four. Hana sauti iliyorekodiwa popote, hana picha zaidi ya 2. Ila ameandika "Msalimie mwanangu, mwambie asome" kwa peni ya bluu, herufi zimelala upande. Zile kadi ni gramu ngapi? Zinaingia kwenye bahasha moja.

Sasa nikirudi kwa yule dada wa maboksi 11. Kosa lake mimi naliona liko kwenye mpangilio. Angemaliza kwanza miti 2 kati ya 3, angemaliza taa, angemaliza mabaluni, mpaka mkono umechoka kutupa. Nyota ya karatasi ingebaki ya mwisho, na mezani pangekuwa peupe. Pale angeamua vyovyote na asingelaumiwa na mimi. Lakini kuitupa katikati ya furushi la vitu vya Yiwu, kwa kasi ile ile, huku kamera inawaka... hapana. Karatasi yenyewe ilikuwa ya kuchakaa, sawa, hata wale wa Strasbourg mwaka 1605 maua yao ya karatasi yalichakaa. Ila wao walikuwa na mtu wa kutengeneza mengine mwaka unaofuata.

Taa mbovu nazo msizihifadhi kwa kusubiri fundi. Kamba yenye balbu 100, moja ikifa zinakufa zote, na fundi atakwambia gharama yake inazidi kamba mpya. Ndani yake kuna waya wa shaba, mpeni kijana wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni. Kuna mji China, Shijiao, ambao mwaka 2011 ulikadiriwa kupokea karibu kilo milioni 9 za taa mbovu za krismasi kwa mwaka, nyingi kutoka Marekani. Walikuwa wanazisaga, wanazipitisha kwenye maji, shaba inazama chini, plastiki inabebwa na maji upande mwingine. Shaba ilikuwa inayeyushwa. Na ile plastiki ya waya, viwanda vya huko vilikuwa vinaichukua kutengenezea soli za ndala.